Meli Iliyojificha Rufiji, Kisa cha Kweli Nyuma ya Riwaya
Wapenzi wa riwaya za kusisimua, tafuteni Shout at the Devil ya Wilbur Smith (1968). Filamu yake ilitoka 1976, Roger Moore ndani. Jangili wa pembe za ndovu na mwenzake wanaisaka meli ya Kijerumani iliyojichimbia kwenye mikoko ya Rufiji.

Kisa kina asili kweli. Septemba 1914 Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, ikajificha deltani hadi ilipoangamizwa Julai 11, 1915. Aliyeipeleleza? Mwindaji mmoja, kajifanya mfanyabiashara Mwarabu. Hapo hata riwaya inasubiri!

Ila wenyeji waliomwongoza, na mamia walioburuta mizinga yake 10 hadi Dar, majina yao hayamo. Wajukuu wao wapo Kibiti na Rufiji, na riwaya ya upande wao bado inadaiwa.