Zimwi Ziwani: Historia ya Kuamua Umri wa Watazamaji wa Filamu ya Frankenstein (1931)

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya uamuzi mmoja: iwapo filamu ya kutisha ya Frankenstein, iliyotolewa Marekani mwaka 1931, inawafaa watazamaji walio kati ya utoto na utu uzima. Mfano mkuu ni Uingereza, ambako filamu hiyo ilichangia kuzaliwa kwa daraja la pekee la filamu za kutisha. Makala yanadai kuwa ukataji wa tukio la ziwani uliongeza kile kile uliokusudia kukipunguza. Aidha, yanaonesha kuwa mwamuzi anayefikiri kwa Kiswahili ana mzigo wa ziada unaotokana na maana za maneno kijana, zimwi na pepo.

1.0 Utangulizi

Kabla hadithi ya Frankenstein haijaanza, mtu mmoja hujitokeza mbele ya pazia na kuwaonya watazamaji kwamba watakachokiona kinaweza kuwashtua, hata kuwaogofya, na kwamba asiyejiweza ajiamulie mapema. Filamu hii ya kampuni ya Universal, iliyoongozwa na James Whale na kumpa umaarufu Boris Karloff, ilijipangia daraja yenyewe kabla ya mkaguzi yeyote kuitia mkononi. Bila shaka onyo hilo lilikuwa la kibiashara pia. Anayemkataza mwenzake kufunua chungu anajua fika kwamba chungu kitafunuliwa.

Hata hivyo, swali lililoachwa na onyo lile lingali hai. Mtu mzima anaweza kujiamulia. Je, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu au kumi na mitano aamuliwe na nani, na kwa kigezo gani? Mjadala wa suala hili kwa kawaida huendeshwa kana kwamba utisho ni dutu inayopimika, mfano wa chumvi katika mchuzi: kiasi hiki kinamfaa mtoto, kile kinamfaa mtu mzima. Historia ya Frankenstein haiungi mkono dhana hiyo.

2.0 Kutoka A hadi H

Bodi ya Ukaguzi wa Filamu ya Uingereza iliundwa mwaka 1912, nayo haikuundwa na serikali bali na wenye biashara ya filamu wenyewe. Mamlaka ya kisheria yalikuwa mikononi mwa halmashauri za mitaa, zilizokuwa zikitoa leseni za majumba ya sinema chini ya sheria ya mwaka 1909. Bodi ilishauri, halmashauri iliweza kukubali, kukataa au kuongeza masharti. Vyeti vilikuwa viwili: U kwa filamu ya watu wote, na A kwa filamu iliyodhaniwa kuwafaa zaidi watu wazima. Baadaye ilikuja kuwa kawaida kwamba mtoto wa chini ya miaka 16 angeweza kuingia kwenye filamu ya A iwapo tu angeandamana na mzazi au mlezi.

Frankenstein ilifika Uingereza mwaka 1932 na kupewa A. Maana yake ni kwamba mtoto wa miaka kumi angeweza kuketi kando ya mama yake na kumtazama Kiumbe aliyeungwa kwa viungo vya maiti akifungua macho. Malalamiko yalikuja, na baadhi ya halmashauri hazikuridhika na cheti hicho. Mwaka huo huo Bodi ilianza kutumia alama ya H, kifupisho cha neno la Kiingereza linaloeleza jambo la kutisha mno. Mwanzoni alama hiyo ilikuwa tahadhari tu kwa wazazi. Mwaka 1937 ikawa cheti kamili, na aliye chini ya miaka 16 akafungiwa mlango hata kama mzazi wake amemshika mkono. Kati ya mwaka 1942 na 1945, wakati wa vita, Bodi iliacha kabisa kuzipa vyeti filamu za aina hiyo. Mwaka 1951 H ilimezwa na cheti kipya cha X, kilichowazuia walio chini ya miaka 16; mwaka 1970 kiwango cha X kikapandishwa hadi miaka 18; na mwaka 1982 herufi A na X zikaondolewa, zikaja PG, 15 na 18.

Mwanaisimu hawezi kuipita orodha hii bila kusimama. Herufi U na A zilimtaja mtazamaji: wote, au watu wazima. H ilikuwa ya kwanza kuacha kumtaja mtazamaji ikaitaja filamu yenyewe. Swali likahama kutoka kwa nani aone hadi kwa hiki ni kitu gani. X haikutaja chochote. Ilikuwa msalaba uliochorwa mlangoni, na wafanyabiashara walijua upesi jinsi ya kuugeuza kuwa tangazo. Namba 15 na 18 zinataja miaka peke yake, kana kwamba usiku mmoja wa kuamkia siku ya kuzaliwa unabadili kitu moyoni. PG ndiyo tofauti, kwa sababu inamtaja mtu wa tatu, mzazi, na kumwachia neno la mwisho.

Leo nchini Uingereza Frankenstein ina daraja la PG. Baada ya safari ndefu ya herufi na makatazo, filamu imerudi karibu na ilipoanzia: mtoto na mzazi wake, mbele ya Kiumbe yule yule. Haikuwa pekee katika safari hiyo. Psycho ya Alfred Hitchcock ilipewa X mwaka 1960 na sasa ni ya miaka 15. Maelezo mepesi ni kwamba watu wamezoea, na mapambo ya uso yaliyomshtua bibi yanamchekesha mjukuu. Yana ukweli, lakini hayatoshi, kwa kuwa nakala inayooneshwa leo chini ya PG ina tukio zito ambalo watazamaji wengi wa zamani hawakuruhusiwa kuliona.

3.0 Tukio la Ziwani

Kiumbe ametoroka. Anamkuta binti mdogo, Maria, akicheza peke yake kando ya ziwa. Binti hamwogopi; anamkaribisha, anampa maua, na kumwonesha jinsi maua yanavyoelea yakitupwa majini. Kiumbe anafurahi, labda kwa mara ya kwanza tangu apewe uhai. Maua yanapokwisha anamtazama binti, anamwinua na kumtupa ziwani, akidhani naye ataelea. Haelei. Kiumbe anababaika, anapapasa maji, kisha anakimbia.

Wakaguzi katika baadhi ya majimbo ya Marekani waliliondoa tukio hili mapema, na filamu ilipotolewa upya miaka ya 1930, chini ya kanuni za maadili zilizokuwa zikitekelezwa kwa ukali tangu mwaka 1934, mkasi ulipita tena. Kwa miongo kadhaa nakala zilizokuwa zikizunguka ziliishia pale Kiumbe anaponyoosha mikono kumwelekea binti. Baada ya muda, mtazamaji anamwona baba akipita katikati ya kijiji chenye sherehe ya harusi, amebeba maiti ya bintiye mikononi. Kipande kilichokatwa kilirudishwa katika miaka ya 1980.

Tuitafakari hali ya kijana wa miaka kumi na minne aliyetazama nakala iliyokatwa. Ameona mikono mikubwa ikimwendea mtoto. Kisha ameona maiti. Yaliyotokea kati ya mikono na maiti ameachiwa ayabuni mwenyewe, na akili ya umri ule haibuni kosa la kitoto kuhusu maua na maji. Inabuni mambo mabaya zaidi, mambo ambayo Whale hakuyapiga picha kamwe. Mkasi uliotumwa kumlinda ulimpa filamu nyingine, chafu kuliko ile ya kwanza. Isitoshe, ulimnyang'anya jambo la pekee ambalo lingemsaidia kuuelewa utisho huo, yaani kwamba Kiumbe hakutaka kuua. Bila tukio lile, Kiumbe ni muuaji na wanakijiji wenye mienge wana haki. Tukio likiwapo, haki yao inatia shaka, na lawama inaanza kupanda kuelekea kwa daktari aliyeumba asichokuwa tayari kukilea, ambayo ndiyo hoja iliyomo katika riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818.

Anayetoka katika utamaduni wa ngano hatashangazwa na hili. Katika ngano mashuhuri ya zimwi na ngoma, wasichana wanakwenda pwani kuokota makombe. Mmoja anasahau lake, anarudi peke yake, na zimwi linamtia ndani ya ngoma na kutembea naye vijijini likimwimbisha. Mtoto kando ya maji, peke yake, na jitu: mandhari ni ile ile ya Maria. Ngano hiyo wamesimuliwa watoto wadogo kabisa, usiku, na hakuna aliyeuliza umri wao. Lakini hakuna bibi aliyewahi kuikatisha pale ngoma inapofungwa na kuwaambia wajukuu wakalale. Huendelea hadi wazazi wa binti wanapoitambua sauti yake, na hadi zimwi linapoifungua ngoma na kukuta ndani yake nyuki na nyoka. Katika ngano, kinga ya msikilizaji iko katika ukamilifu wa hadithi na katika uso wa anayesimulia. Wakaguzi wa miaka ya 1930 walivitenganisha vyote viwili: waliikata hadithi, kisha kwa cheti cha 1937 wakamwondoa mzazi.

4.0 Tineja Ni Nani?

Mwamuzi anayefikiri kwa Kiswahili hukutana na tatizo kabla hajaifikia filamu. Kundi la umri linalozungumzwa katika mjadala huu lilizaliwa na nambari za Kiingereza: ni wale ambao hesabu ya miaka yao, kuanzia 13 hadi 19, huishia kwa silabi moja. Kiswahili husema kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, bila ukuta wowote kati ya mbili na tatu. Neno tineja tumelikopa pamoja na ukuta wake.

Maneno yetu wenyewe yanapima vitu vingine. Kigori, mwari na barubaru hayahesabu miaka. Yanataja hali ya mwili na nafasi ya mtu mbele ya jamii, na mwari hasa hutaja aliye katika mafunzo, mwenye somo au kungwi wa kumfunulia mambo kwa utaratibu. Kijana nalo limetanuliwa na sera hadi limechanika. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 inamhesabu kijana kuwa mwenye miaka 15 hadi 35, ilhali Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inaanza kumhesabu kijana pale utoto unapokoma. Kwa hiyo mwenye miaka kumi na sita wa Tanga ni mtoto na kijana kwa wakati mmoja, na mwenzake wa Mombasa ni mtoto tu. Sentensi ya kawaida kama "filamu hii inawafaa vijana" haina maana moja pande mbili za mpaka wa Lungalunga.

5.0 Pepo Si Zimwi

Kuna filamu moja inayokataa kufuata njia ya Frankenstein. The Exorcist, iliyoongozwa na William Friedkin na kutolewa mwishoni mwa mwaka 1973, inahusu msichana wa miaka kumi na miwili aliyepagawa na shetani. Marekani ilipewa daraja lililomruhusu hata mtoto kuingia akiwa na mzazi, ingawa mamlaka za mji wa Washington ziliwazuia walio chini ya miaka 17. Uingereza iliipa X mwaka 1974. Sheria ya Kanda za Video ya mwaka 1984 ilipoitaka Bodi izingatie kwamba kanda hutazamwa nyumbani, filamu hiyo ilinyimwa cheti cha video kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi mwaka 1999, ilhali watu wazima waliweza kuiona katika sinema. Hofu iliwahusu hasa wasichana wa umri wa mhusika mwenyewe, ambao huenda wangeiona sebuleni bila kizuizi. Hadi sasa filamu hiyo ni ya miaka 18 nchini humo.

Kwa nini hii haikushuka kama nyingine? Sehemu ya jibu ni ukatili unaotendwa juu ya mwili wa mtoto, na kwa hilo daraja la 18 naliona ni haki. Sehemu nyingine ni ya kisemantiki. Zimwi ni la hadithi. Msikilizaji wa miaka kumi anajua kwamba hatakutana nalo njiani. Pepo hana makao hadithini. Yumo katika imani ya Mwislamu na Mkristo wa mwambao na bara, katika kupunga, katika maombezi ya Ijumaa na ya Jumapili, na katika kumbukumbu za shule ambazo wasichana wake walianguka mmoja baada ya mwingine darasani. Kiumbe wa Frankenstein akitazamwa Dar es Salaam ni zimwi lililovaa koti. Msichana wa The Exorcist akitazamwa hapo hapo anaweza kuwa binamu ya mtazamaji. Sheria zetu, ile ya Kenya ya mwaka 1962 na ile ya Tanzania ya mwaka 1976, zote za filamu na michezo ya kuigiza, zinatoka katika desturi ile ile ya Kiingereza ya bodi na vyeti. Namba zinazozalishwa na desturi hiyo hazina mahali pa kuiandika tofauti ya zimwi na pepo.

Mwalimu wa Fasihi anayetaka kuwaonesha Kidato cha Tatu Frankenstein sambamba na ngano za mazimwi hana sababu ya kuogopa, mradi apate nakala yenye tukio zima la ziwani, aioneshe kwa kikao kimoja bila kuikatiza kengele ya kipindi, na abaki chumbani. Akitaka kuonesha ile nyingine, asianze kwa kutazama namba iliyo kwenye jalada. Aulize kwanza ni nani darasani aliyepungwa, au ambaye dada yake alipungwa. Na kwa kuwa swali hilo haliulizwi hadharani, aiache.