Diski moja ya seva ikifa: nakili kwanza, ndipo utengeneze

Mimi ni mtu wa Pwani na kazi yangu ni kutengeneza kompyuta hapa Nairobi. Naishi Kawangware, na kila wiki hupanda matatu hadi katikati ya jiji kuangalia seva ya chama cha kusaidiana cha watu wa kwetu waishio huku. Ndani ya seva hiyo mna daftari lote la chama: nani ametoa mchango, nani amelipiwa matibabu, nani bado anadai. Likipotea, utabaki ugomvi tu.

Seva hiyo inatumia Linux na ina diski mbili zilizounganishwa kwa RAID 1, yaani kila kinachoandikwa katika diski moja huandikwa katika ya pili pia. Jina RAID lilitokana na makala ya mwaka 1988 ya Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Diski moja ikifa, seva haisimami. Ni kama ngalawa iliyokatika rengu moja: bahari ikiwa shwari itaendelea kwenda, na waliomo huenda wasijue.

Asubuhi moja niliandika amri hii ya kawaida:

cat /proc/mdstat

Badala ya [UU] nikaona [U_]. Mweka hazina akaniuliza, "Mwanangu, mashine yafanya kazi, wasiwasi wa nini?" Nikamjibu, "Mama, imebaki diski moja tu. Hiyo nayo ikienda, hatuna kitu."

Haya ndiyo niliyoyafanya, kwa mpangilio.

Kwanza, sikuizima wala sikuiwasha upya. Nilinakili daftari lote kwenye diski ya nje. Kujenga upya kutailazimisha diski iliyobaki isomwe yote, na ikiwa nayo imezeeka inaweza kufa katikati ya kazi.

Pili, nilitafuta mgonjwa ni yupi. Amri ya mdadm --detail /dev/md0 ilionyesha kuwa iliyotoka ni sdb1. Kisha smartctl -a /dev/sdb ikanipa namba ya diski, ile iliyochapishwa kwenye lebo yake. Niliiandika kwenye karatasi. Zamani niliwahi kukisia, nikachomoa diski nzima na kuiacha mbovu. Sirudii tena.

Tatu, niliitoa kwenye safu:

mdadm /dev/md0 --fail /dev/sdb1
mdadm /dev/md0 --remove /dev/sdb1

Nne, baada ya nakala kukamilika, niliizima seva, nikatembea hadi Luthuli Avenue kununua diski nyingine. Ukubwa usipungue ule wa zamani hata kidogo, maana mfumo utaikataa. Kabla ya kuchomoa, nilisoma lebo na kulinganisha na karatasi yangu.

Tano, nilipoiwasha, nilihakikisha tena ipi ni ipi, kwa sababu majina sda na sdb huweza kubadilishana. Nikaigawa diski mpya kama ilivyogawanywa ile nzima, kisha nikaiongeza:

mdadm /dev/md0 --add /dev/sdb1

Hapo ujenzi huanza wenyewe. Diski ya terabaiti 2, ikiandikwa megabaiti 100 kwa sekunde, huchukua kama saa tano na nusu. Usiku ule nilirudi Kawangware nimechelewa, lakini nimeona [UU]. Kama seva huwaka kutoka diski hizo hizo, usisahau kuweka grub kwenye diski mpya.

Onyo moja: ukibabaika, usitumie mdadm --create juu ya safu yenye data. Amri hiyo huunda safu mpya, na ukikosea mpangilio waweza kufuta ulichokuja kukiokoa.

Tangu siku hiyo nimeweka anwani ya barua pepe kwenye mstari wa MAILADDR katika faili la mdadm.conf, ili seva yenyewe inipashe habari. Pia nimemweleza mweka hazina jambo ambalo wengi hulisahau: RAID si nakala ya akiba. Karani akifuta jina la mwanachama kwa bahati mbaya, litafutika katika diski zote mbili papo hapo. Kwa hiyo kila Ijumaa diski ya nje hunakiliwa, ikafungwa kwa nywila na kuwekwa nje ya ofisi.

Nawe mwenye seva ya duka, shule au chama, usingoje isimame. Iulize leo hali yake.