Kuchekecha si Kupima: Asbesto Katika Majengo ya Shule

Skriningi ya vifaa vya ujenzi wa shule, yaani hatua ya kwanza ya kuisaka asbesto, mara nyingi hufasiriwa "upimaji". Tafsiri hiyo inapotosha. Mzazi akisikia shule imepimwa huelewa kwamba jibu limepatikana, kama damu iliyopimwa malaria. Lakini mkaguzi anayezunguka madarasani hana jibu, wala macho hayawezi kumpa: bamba la saruji lenye asbesto hufanana na lisilo nayo. Anachofanya ni kutenga: kioo na mbao huku; dari, vigae vya sakafu na vifuniko vya mabomba ya moto kule. Istilahi inayofaa ni "uchekechaji", kama tusemavyo majina ya waombaji kazi yamechekechwa.

Sheria ya Marekani ya 1986, AHERA, iliyozilazimu shule kukagua majengo yao, inaionyesha tofauti hiyo waziwazi. Mkaguzi huvigawa vifaa vinavyoshukiwa kwa rangi, umbile na umri, kisha huvibonyeza: kikavu kinachosagika kwa mkono ndicho cha kuogopwa zaidi, maana hutoa vumbi kwa urahisi. Upimaji huja baadaye, maabarani, kwa hadubini. Asbesto ikizidi asilimia 1 katika sampuli moja tu, eneo lote la kifaa hicho huhesabiwa kuwa na asbesto. Tena sheria inairuhusu shule isipeleke sampuli, bali ikichukulie kifaa kinachoshukiwa kuwa kina asbesto na kukisimamia hivyo. Shule hiyo imechekecha bila kupima. Neno moja litayabebaje yote mawili?

Wapo watakaosema "uchunguzi wa awali" linatosha. Ni zuri, ila linataja wakati wa kazi, si kazi yenyewe. Pingamizi zito zaidi ni kwamba chekeche hutikiswa, na asbesto ndicho kitu cha mwisho cha kutikiswa. Kweli, ila kinachochekechwa hapa ni orodha, si dari. Kwa fundi mwenye nyundo nisingelitumia neno hili. Bango lake liseme tu "usitoboe, usikwangue".

Jina baya huharibu hata chekeche zuri. Kenya na Tanzania wengi husema "mabati ya asbesto", ilhali bati halimo. Karani akifupisha akaandika "paa la mabati", paa hilo limeshapita bila kushukiwa. Mkaguzi, andika "bamba la saruji, linashukiwa", na liachwe hivyo mpaka maabara iseme vingine.