Ramani ya Maradhi na Siri ya Seli

Mtu asafiriye kutoka Bungoma kwenda Kitale huuona Mlima Elgon mkono wake wa kushoto, na njia yake hupanda. Bungoma iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kitale iko karibu mita 1,900. Msafiri hufikiri kuwa amebadili hewa tu, kwa kuwa ameacha joto na kuingia katika baridi. Lakini historia ya utabibu yatufundisha kuwa mwinuko kama huo huweza kubadili hata maradhi yawapatayo watoto.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell atazame mtoto aliyevimba taya zote mbili, kulia na kushoto. Muda si mrefu akamwona mwingine wa namna hiyo huko Jinja. Burkitt hakuliacha jambo lipite. Alipekua kumbukumbu za wagonjwa, akachapisha taarifa yake mwaka 1958, kisha akapeleka barua zenye picha katika hospitali nyingi za Afrika. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili, Edward Williams na Clifford Nelson, walifunga safari ya gari ya maili 10,000, wakienda hadi Afrika ya Kusini, na kila hospitali wakiuliza swali moja: je, uvimbe huu mmeuona?

Majibu yalipotiwa katika ramani, yalionyesha kuwa saratani hiyo ilikaa katika nchi za joto na mvua. Karibu na ikweta ilikuwa haba juu ya mita 1,500. Na mpaka huo wakatiza kati ya Bungoma na Kitale. Nini kilichopungua kule juu? Mbu. Ndipo wataalamu walipoanza kuishuku malaria.

Mwaka 1964, mjini London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona virusi ndani ya seli za uvimbe huo. Hata hivyo, virusi hivyo huishi katika miili ya watu wengi mno duniani bila kuwadhuru. Kwa nini basi wachache tu waugue?

Jibu lilipatikana ndani ya seli, katika DNA, uzi wenye maagizo ya uhai. Uzi huo hukatika mara kwa mara, na seli huuunga. Tena seli nyeupe za damu zitengenezazo kingamwili huukata zenyewe kwa makusudi, ili kuboresha silaha zao. Malaria ikirudi na kurudi, seli hizo huwa nyingi na ukataji huzidi. Ndipo siku moja ncha huungwa pasipo pake, kama kamba mbili zilizokatika zikafungwa kwa kubadilishana vipande. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake, huko Uswidi, walionyesha kuwa kipande cha kromosomu ya 8 kimehamia katika kromosomu ya 14. Mwaka 1982 ilijulikana kuwa kipande hicho hubeba jeni iitwayo MYC, iamrishayo seli kugawanyika. Ikiwekwa kando ya jeni ya kingamwili isiyopumzika, seli hugawanyika bila kikomo. Kwa desturi seli iliyoharibika hivyo hujiua. Virusi vile husaidia kuizuia isife.

Msomaji aelewe basi kuwa maradhi haya si laana, wala si urithi wa wazazi: kosa hutokea katika seli moja ya mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Tena yana dawa. Burkitt mwenyewe aliwaona watoto wakipona, na leo wengi huponywa wakifikishwa hospitali mapema na kumaliza matibabu. Wengine hupotea kwa sababu uvimbe wa taya ulidhaniwa ni jino bovu, na majuma yakapita. Mtoto wa Bungoma aliyevimba taya asingojeshwe nyumbani.