Kichaka cha Kwale na saratani sugu ya ovari

Wafugaji wa Garbatulla huokota utomvu wa mti wa hagarsu wakiwa malishoni, wakauuza kwa wafanyabiashara wa mjini Isiolo, nao ukavuka bahari. Kinachotengenezwa huko hakibebi jina la Garbatulla. Kwale wanakijua kisa cha namna hiyo, tena kikubwa zaidi.

Mwaka 1972 mkemia Mmarekani Morris Kupchan alitangaza maitansini, sumu kali dhidi ya seli za saratani, iliyopatikana kwenye kichaka cha Ethiopia. Shida ilikuwa uhaba: kilo nzima ya mmea haikutoa hata miligramu mbili. Wakusanyaji wakageukia mmea wa jamii yake, Maytenus buchananii, unaoota Shimba Hills, Kwale, na ambao Wadigo wa huko walikuwa wakiutumia kama dawa tangu zamani. Zaidi ya tani 27 zilivunwa kwa ajili ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Waliporudi miaka minne baadaye, vichaka vilikuwa havijachipua vya kutosha.

Dawa yenyewe ilikwama. Wagonjwa waliojaribiwa walitapika, wakaharisha, neva zikadhurika, na uvimbe haukupungua vya kuridhisha. Maitansini ikawekwa kando.

Wakati huohuo saratani ya ovari iliendelea kuwachosha madaktari. Dawa zenye platini, kama sisplatini na kaboplatini, huipunguza kwa kishindo mwanzoni. Kisha ugonjwa hurudi, na seli zilizosalia huwa zimejifunza kuitema dawa au kurekebisha DNA iliyoharibiwa.

Ndipo watafiti wakaikumbuka ile sumu. Waliifunga aina yake, DM4, kwenye kingamwili inayonasa kipokezi cha foleti kilichojaa juu ya seli nyingi za ovari zenye saratani. Seli huimeza kingamwili, sumu hufunguka ndani, na nyuzi zinazoisaidia seli kugawanyika huvurugika. Dawa hiyo, Elahere, iliidhinishwa Marekani Novemba 2022. Katika jaribio la MIRASOL, lililohusisha wanawake 453 wenye saratani iliyokwisha kuzoea platini, nusu ya walioipata waliishi zaidi ya miezi 16. Kwa waliopewa kemo ya kawaida, ilikuwa kama miezi 13.

Siku hizi malighafi yake hutoka kwa bakteria wanaokuzwa kwenye matangi, na Shimba Hills haihitajiki tena. Mkataba wa Nagoya, unaotaka jamii zigawiwe faida ya mimea na maarifa yao, ulianza kutumika Oktoba 2014, miongo minne hivi baada ya mavuno ya Kwale.