Kutoka jiwe hadi mkojo

Mwaka 2014 habari ilienea Kolwezi, mji wa Katanga, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwamba chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo kuna heterojeniti, jiwe jeusi lenye kobalti. Muda si muda wenyeji wakaanza kuchimba viwanjani mwao, wengine hadi ndani ya nyumba. Magunia yakapangwa uani, na watoto wakacheza katika vumbi lile lile lililotoka shimoni.

Wakati huo Célestin Banza Lubaba Nkulu, bingwa wa elimu ya sumu katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alifika Kasulo na wenzake, wakishirikiana na watafiti wa Leuven, Ubelgiji. Walichoomba kwa wakazi ni mkojo na damu.

Ombi hilo lilikuwa limechelewa karne nzima: waliotangulia walikuja kutafuta jiwe. Jules Cornet, mjiolojia wa Kibelgiji, aliondoka Ulaya mwaka 1891 akiwa na miaka 26, katika msafara wa Kapteni Bia, akapita kwenye machimbo ambamo wenyeji wa Katanga walikuwa wakitoa shaba tangu enzi za mababu na kuimimina kuwa misalaba ya kufanyia biashara. Aliporudi kwao akawa profesa huko Mons, na baadaye madini ya buluu yaliyopatikana mgodi wa Étoile yakaitwa kornetaiti kwa heshima yake. Jiwe lilimlipa vizuri.

Union Minière, kampuni ya migodi ya Katanga iliyoundwa 1906, ilikuwa na madaktari, tena hodari. Mmoja wao, Léopold Mottoulle, alisimamia siasa ya kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao. Afya ya familia ikafuatiliwa kwa makini. Lakini hesabu ile ilikuwa ya nguvukazi. Kampuni ilitaka kujua nani ataingia kazini kesho. Madini yaliyobaki mwilini mwa mtu ni swali jingine kabisa.

Swali hilo Banza na wenzake walilitolea majibu mwaka 2009, walipochapisha vipimo vya watu 351 wa kusini mwa Katanga. Walioishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia walikuwa na kobalti nyingi mno mkojoni, hata wasiowahi kushika sururu. Kasulo ikaja kuongeza uzito. Katika matokeo yaliyotoka 2018, wakazi 72, wakiwemo watoto 32, walilinganishwa na watu wa eneo jirani lisilochimbwa. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto, ambao pia walionyesha dalili za uharibifu katika vinasaba vya seli zao. Watafiti hawakuzungukazunguka: biashara ya kobalti, kwa jinsi ilivyo, si endelevu. Na kobalti hiyo ndiyo inayoishia kwenye betri za simu na magari ya umeme.

Kufikia hapo, sehemu ya Kasulo ilikuwa imeshahamishwa wakazi wake mwaka 2017, ikazungushiwa ukuta.

Mwaka 2020 Banza na watafiti wenzake walitoa utafiti mwingine, wa watoto waliozaliwa Lubumbashi na kasoro za maumbile. Uwezekano wa kasoro uliongezeka mara tano hivi pale baba alipofanya kazi ya migodini. Cha ajabu, kiasi cha kobalti kilichopimwa kwa akina mama hakikutosha kueleza tofauti hiyo.