Bawa Moja, Picha Mbili: Kipepeo na Urujuanimno

Kipepeo, au ikinyugunyugu kama wanavyomwita wanafunzi wetu wengi hapa Kicukiro, huelezwa katika insha kwa rangi zake. Historia ya picha inatufundisha kwamba maelezo hayo ni nusu tu. Nusu ya pili imo katika urujuanimno, mwanga ambao binadamu hauoni lakini kipepeo anauona.

Mwanga huo uligunduliwa mwaka 1801 na Mjerumani Johann Wilhelm Ritter. Alitawanya mwanga wa jua kwa kioo cha pembe tatu, kisha akaweka kloridi ya fedha, kemikali inayogeuka nyeusi ikipatwa na mwanga. Iligeuka haraka zaidi nje ya ukingo wa urujuani, mahali palipoonekana pana giza. Hivyo basi, kemikali iliyokuja kutumiwa kupigia picha ilitambua urujuanimno kabla kamera yenyewe haijaenea. Neno letu la Kiswahili limekaa vizuri: ni urujuani uliozidi. Kinachozidi ni kasi ya mtetemo, kwani urefu wa wimbi hushuka chini ya nanomita 400.

Mwaka 2005 ulileta mifano miwili ya vipepeo wa Afrika. Robertson na Monteiro walichunguza Bicyclus anynana, kipepeo wa kahawia ambaye kizazi chake cha maabara kilianzia Malawi mwaka 1988. Walionyesha kwamba majike huchagua madume kwa vitone vyeupe vya mabawa, vinavyoakisi urujuanimno. Mwaka huohuo, Vukusic na Hooper wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walieleza Papilio nireus, kipepeo mweusi mwenye ukanda wa samawati anayepatikana Afrika Mashariki na Kati. Magamba ya ukanda wake humeza urujuanimno na kutoa mwanga wa samawati-kijani, kwa muundo unaofanana na ule wa taa za LED zilizoboreshwa.

Hapa ndipo lugha inapohitajika. Ili kupiga picha ya kuakisi, kichujio huzuia mwanga wa kawaida na kamera hupokea urujuanimno pekee. Picha hiyo kwa asili haina rangi, bali weupe na weusi. Ili kupiga picha ya kung'aa, bawa humulikwa kwa urujuanimno gizani, na kamera hupokea mwanga wa kawaida unaotolewa na bawa. Mwanafunzi akiziita zote "picha za urujuanimno", msomaji atadhani kipepeo anamwona mwenziwe aking'aa kama taa, jambo ambalo picha hiyo haikuthibitisha.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na tafsiri za sayansi zitatufikia sisi. Tuwazoeze wanafunzi wetu kutenganisha vitenzi hivi viwili, kuakisi na kung'aa, kabla ya kuandika maelezo chini ya picha.